Mashine Aliyoisifu Mjomba Kabuati

Mjomba Kabuati aliisifu mashine yake, na hapo ndipo Tiaeki alipoanza kumshuku.

Kisiwani Maiana hakuna mtu mwenye akili zake anayesifu kitu chake mbele ya ndugu. Ndugu akikipenda atakuja kukiomba, na ombi la ndugu, bubuti, halikataliwi. Anayelikataa huishi na aibu mpaka kaburini, kisha watoto wake huirithi. Kwa hiyo watu hujifunza mapema kuvitukana vitu vyao. Jirani yao, Nei Tekarika, yaani Bi Tekarika, ana nguruwe mnene kuliko wote kijijini, na kila Krismasi ikikaribia hutangaza kwamba nguruwe huyo ana minyoo. Tamuera, mume wa Tiaeki, aliipaka matope baiskeli yake mpya siku ileile iliposhuka melini.

Sasa huyu Kabuati, fundi wa mashine za boti, kaka wa mama mzazi wa Tiaeki, alikuwa amesimama bandani kwake Jumatatu asubuhi akiipigapiga mashine mgongoni kama mtu anayemsifia mkwe.

"Hii Thelathini ndiyo mashine," alisema. "Inasumbua kuwaka, sikufichi. Lakini ikishawaka haizimiki mpaka uizime mwenyewe."

Mashine zilikuwa mbili, kila moja ikiitwa kwa idadi ya nguvu zake za farasi, zimefungwa kwenye gogo la mnazi, zote za zamani. Thelathini ilikuwa ya kijivu, imepakwa rangi kwa brashi, na michirizi ya rangi imekaukia ubavuni. Arobaini ilikuwa ya buluu iliyochujuka. Kofia yake ilikuwa na ufa mrefu, umeshonwa kwa uzi wa kuvulia, na mkeka mkuukuu ulikuwa umeifunika nusu.

"Na hii Arobaini, mjomba?"

"Achana nayo. Ikipata moto inakufa."

"Inakufa vipi?"

"Inakufa tu. Koili ya cheche." Kabuati aliuvuta mkeka, akaifunika vizuri. "Chukua Thelathini."

Tiaeki alimtazama. Chukua! Hata hajaomba. Tangu lini mtu akapewa kitu kabla hajakiomba?

"Nitakuja tena, mjomba," alisema, akainuka na kujikung'uta mchanga.

Shida yake ilikuwa ya kweli. Macho ya mama yake, Nei Rotia, yalikuwa yamezibwa na mtoto wa jicho, yote mawili. Madaktari wa macho kutoka ng'ambo walikuwa wamefika kisiwani Tarawa, na redio ilisema wataondoka Ijumaa; watarudi lini, redio haikusema. Meli ya visiwani ilikuwa inatengenezwa na hakuna aliyejua itamalizika lini. Nei Rotia alikuwa na mjukuu mmoja, binti wa Tiaeki mwenye miaka miwili, na alimjua kwa vidole tu: pua hii, masikio haya, kovu dogo kidevuni. Hakuwa amewahi kuuona uso wake.

Boti walikuwa nayo. Mashine yao ilikuwa imekufa mwezi uliopita, na safari yenyewe si ya ndani ya wangwa, ambako ukikwama unaruka majini na kutembea. Kwenda Tarawa ni saa mbili na zaidi nje ya mwamba, kwenye bahari isiyo na chini, na mkondo unavuta kuelekea machweo ambako hakuna nchi kwa siku nyingi. Baba yake Tiaeki alizimikiwa na mashine huko. Tiaeki alikuwa na miaka tisa. Walimsubiri kwa wiki kumi na moja ndipo mama yake akakubali kuukunja mkeka wa kulalia wa mumewe.

Tangu hapo Tiaeki alikuwa mtu wa kusikiliza mashine. Akiwa anasuka, akiwa anapika, sikio moja liko baharini. Alijua mashine ya nani inarudi kabla boti haijaonekana.

Na ombi ni moja tu. Ukishakitaja kitu umekitaja. Kurudi kesho kuomba kingine ni kumvua mtu nguo hadharani. Ilimpasa kujua, kabla ya kufungua mdomo, ipi kati ya mashine zile mbili ilikuwa nzima.

"Amesema nichukue Thelathini," alimwambia mama yake.

Nei Rotia alicheka mpaka akakohoa. "Kabuati? Amekwambia uchukue?"

"Kwa mdomo wake."

"Basi hiyo ni mbovu. Mwanangu, yule ni kaka yangu, nimelala naye mkeka mmoja. Tulipokuwa watoto aliniambia nazi yake imeoza. Akaniomba na mimi nimwonee huruma. Nikamhurumia. Kisha nikamsikia nyuma ya nyumba anaikwangua." Aliyageuza macho yake meupe upande wa sauti ya Tiaeki. "Anachokitukana ndicho kizuri."

Jumanne, kabla jua halijapanda, Tiaeki alikwenda ufukweni na ndoo kana kwamba anaokota kombe. Kabuati alikuwa anatoka kuvua. Alitoka na ipi? Arobaini. Ile inayokufa. Alivuta kamba mara moja, moja tu, ikanguruma kwa sauti safi, nzito, isiyo na kikohozi. Maji ya kupoza yalichuruzika nyuma kwa nguvu. Boti ikapita mlango wa mwamba, ikatoka nje, nje kabisa, ikawa nukta.

Tiaeki alikaa pale mpaka ndoo ikajaa kombe asizozihitaji. Jua lilipokuwa juu ya minazi akaisikia tena Arobaini, sauti ileile. Kabuati aliingia na samaki wake, akaifungua mashine, akaibeba begani, na jambo la kwanza alilofanya alipofika bandani ni kuifunika kwa mkeka.

"Ana nini cha kuifunikia?" Tiaeki alimwuliza mumewe. "Thelathini ameiacha uchi, juani, kila mtu aione."

"Kama mwenye mabinti wawili," Tamuera alisema. "Mzuri yuko ndani."

"Sifanyi mzaha."

"Na mimi sifanyi. Nitakwenda kumwazima spana, niangalie."

Alirudi baada ya muda akiwa na mafuta meusi mkononi na tabasamu la mtu aliyeiba mayai. Mjomba alikuwa msalani, na mkewe, Nei Beretia, alikuwa kisimani, kwa hiyo alipata nafasi. Alizifungua plagi. Za Arobaini zilikuwa kavu, rangi ya biskuti, kama inavyotakiwa. Za Thelathini zilikuwa nyeusi, zimelowa oili. Aliionja oili ya gia kwa kidole: ya Arobaini safi, haijaingia maji. Kisha mjomba akatokea, na Tamuera akajifanya anaishangaa Thelathini, akamwomba aiwashe kwenye pipa la maji.

"Alivuta mara ngapi?"

"Nilihesabu sita. Ya saba ikawaka, ikajaza banda moshi, kuku wote wakakimbia. Na ilikuwa inakojoa kidogokidogo, kama mzee."

"Yeye alisema nini?"

"Alisema, 'Umeona? Hii ndiyo mashine.'"

Walitazamana, wakacheka. Lakini Tiaeki alipomaliza kucheka alihisi kitu kichungu kifuani. Ilimuuma kwamba mjomba yuko tayari kuwapa mashine ya moshi na plagi zilizolowa, yeye mpwa wake, dada yake kipofu na mkwewe, wavuke nayo bahari alimopotelea shemeji yake. Ile nzima aibakize kwa ajili ya samaki. Alikumbuka kwamba ni mjomba huyu aliyemfundisha kuogelea, akaikataa kumbukumbu hiyo isimlainishe.

Mchana huo alikwenda. Alivaa blauzi ya kanisani, akaketi mkekani, akainamisha kichwa kama anavyofanya mtu anayeomba.

"Mjomba, nimekuja na bubuti."

"Nakusikia, mwanangu."

"Naomba Arobaini."

Jikoni, Nei Beretia alikuwa anakuna nazi, mkuno ukakatika. Tiaeki, akiwa ameinamisha macho, aliiona miguu ya mjomba ikivuta mchanga kwa vidole.

"Arobaini," Kabuati alisema.

"Ndiyo, mjomba."

"Ulisikia nilichokwambia jana?"

"Nilisikia."

"Ikipata moto."

"Nilisikia, mjomba."

Nei Beretia alitoka jikoni na kifuu mkononi. "Kabuati, mwambie mtoto…"

"Ameshaomba," Kabuati alisema taratibu. "Ni yake."

Tiaeki alishukuru, akainua macho kumtazama usoni. Njiani alijiambia kwamba ameshinda, na kwamba ule uso wa mjomba ulikuwa uso wa mtu aliyenyang'anywa. Alijiambia hivyo mara kadhaa.

Jumatano maji yalipojaa, boti ilikuwa tayari. Mtoto alibaki kwa mama mkwe. Nei Rotia aliketi katikati, kitenge magotini, akiwa ameshika chupa ya asali ya mnazi iliyochanganywa na maji na kifurushi cha wali na samaki. Arobaini ilikuwa imefungwa nyuma, skrubu zimekazwa. Tamuera alikuwa anaubana mpira wa mafuta walipomwona Kabuati anakuja majini, maji yamemfika mapajani, na Thelathini begani.

"Mjomba, unakwenda wapi?"

"Tarawa."

"Una nini Tarawa?"

"Nina dada anayekwenda kutibiwa." Aliilaza Thelathini ndani ya boti juu ya gunia, akaifunga kwa kamba, akapanda. Alikuwa amevaa saa yake ya mkononi, ile ya kanisani. "Au boti imejaa?"

"Haijajaa," Nei Rotia alisema. "Karibu, mwongo."

"Asante, kipofu."

Tiaeki hakucheka. Kwa nini amekuja? Alikwishajibu kabla hajamaliza kujiuliza: amekuja kuilinda Arobaini yake. Anaogopa wakiifikisha Tarawa haitarudi. Atakaa mgongoni mwao safari nzima kama polisi, na wakifika atazungusha maneno mpaka irudi bandani.

Tamuera alivuta kamba mara moja. Arobaini ikaitika. Walipita mlango wa mwamba, maji yakabadilika kutoka kijani hadi buluu nzito, na boti ikaanza kupanda na kushuka. Mashine iliimba. Tiaeki aliisikiliza kwa mwili mzima na hakusikia kosa. Alimtazama mjomba kwa kiburi kidogo. Unaona?

Kabuati hakuwa anaitazama Arobaini. Hilo ndilo lililomshangaza kwanza. Mtu aliyekuja kulinda kitu chake angekitazama. Yeye alikuwa anatazama saa, kisha bahari, kisha saa. Baada ya kama robo tatu ya saa aliinama akaanza kulegeza kamba za Thelathini. Fundo la kwanza. La pili. Akafuta skrubu zake kwa kitambaa. Akatoa plagi mbili kavu mfukoni, zimefungwa kwa karatasi, akazibadilisha humo humo boti ikirukaruka, bila kusema neno kwa mtu.

Tiaeki akaiacha Arobaini, akamtazama mikono.

Aliyenyang'anywa mashine nzima hamletei mnyang'anyi mashine ya akiba. Huja mikono mitupu. Au haji.

"Mjomba," alisema.

"Bado dakika chache," Kabuati alijibu, kana kwamba ameulizwa saa.

Ikazimika. Haikukohoa wala kupunguza mwendo. Ilikatika kama mtu aliyeitwa katikati ya neno. Boti ikaenda kidogo kwa nguvu zilizobaki, ikajipinda, ikasimama ubavu kwa mawimbi. Maiana kilikuwa uzi wa kijani nyuma yao. Mbele hapakuwa na kitu. Tamuera alivuta kamba, akavuta, akavuta. Sasa haikuitika hata kidogo.

"Imezimika," Nei Rotia alisema. Hakupaza sauti.

"Usipoteze nguvu, mkwe," Kabuati alimwambia Tamuera. "Mpaka ipoe ni muda mrefu, na mkondo hausubiri. Fungua."

Waliifungua Arobaini, wakaivuta ndani. Kisha wakainyanyua Thelathini, wanaume wawili juu ya ubao uliolowa, wimbi likija na kuondoka chini yao. Kwa muda mfupi mashine ilining'inia nje ya boti, juu ya bahari ile, na Tiaeki alikuwa ameishika kamba yake ya usalama kwa mikono yote miwili na hakuweza hata kuomba dua. Ikakaa. Skrubu zikakazwa. Mpira ukachomekwa.

Kabuati akavuta. Kimya.

Mbili. Tatu. Tiaeki alihesabu kwa midomo. Nne. Uzi wa kijani ulikuwa umehamia ubavuni. Tano. Je, kama yule mwongo wa nazi amejidanganya mwenyewe? Sita.

"Saba," Tamuera alisema kwa sauti, "ya saba ndiyo yake."

Ya saba ikakohoa, ikafa. Nei Rotia akaanza kutaja jina la mumewe chinichini. Ya nane ikawaka, ikatema moshi mweupe, ikatetemeka kama kuku aliyelowa, kisha ikatulia, tu-tu-tu-tu, sauti mbaya ya kizee ambayo Tiaeki hakuwa amewahi kusikia nzuri zaidi yake.

Kisha Tiaeki akasema, huku akitazama miguu yake:

"Lakini Arobaini unatoka nayo kila siku, mjomba. Nimekuona. Nje ya mwamba."

"Ninakovua ni nusu saa. Nikifika naizima, inapoa, narudi. Na ule mkeka ni kwa ajili ya ufa, mvua isiingie."

"Kwa nini hukunikatalia?"

"Ningekukatalia ungesema nini?"

Alifikiri. "Ningesema umeificha."

"Basi."

"Ungeniambia vizuri, mjomba."

"Nilikwambia Jumatatu. Nikakwambia Jumanne. Nikataka kukupa iliyo nzima kabla hujaomba, ukanitazama kama nimekutukana."

"Na wewe," Nei Rotia aliingilia, "umedanganya watu miaka sitini, halafu unataka uaminiwe kwa siku moja?"

Kabuati alicheka, Tamuera akacheka, na Tiaeki akajifunika uso kwa ncha ya blauzi yake, kwa sababu alikuwa analia na hakutaka waone. Mjomba alimpa mgongo kidogo, akajifanya anasikiliza mashine.

Thelathini haikuzimika mpaka Betio, bandarini Tarawa, na huko waliizima wenyewe.

Jumamosi walikuwa ufukweni tayari kurudi. Jicho moja la Nei Rotia lilikuwa bado limefungwa, lingine lilikuwa wazi, jekundu, linatoa machozi, na halikutaka kupumzika. Aliangalia meli, mbwa, kucha zake. Alimwangalia Kabuati muda mrefu. "Umezeeka vibaya," alimwambia. Alimwangalia Tamuera haraka akaacha, kwa haya ya mkwe. Alimshika Tiaeki mashavu kwa mikono miwili, na hakuna aliyejua walichosemezana.

Binamu yao wa Betio, Iobi, mtu wa boti mbili na maneno mengi, alikuja kuwasindikiza. Arobaini ilikuwa chini ya boti, kofia imevuliwa, koili imetolewa iko kwenye mfuko wa plastiki. Hata mtoto angejua kwamba ni maiti. Macho ya Iobi yaliiruka, yakatua kwenye Thelathini.

"Mjomba, hiyo ndiyo iliyowafikisha?"

Kabuati alikurupuka. "Hii? Iobi, mwanangu, usiitazame hii. Hii imeoza. Pistoni zimekwisha, gia imejaa maji, juzi imewaka moto ndani kwa ndani, tulizima kwa ndoo. Fundi mmoja aliiona akalia. Tumefika kwa neema ya Mungu, wala si kwa chuma hiki…"

Tiaeki alimsikiliza kwa sikio lake la baharini. Huu ndio uongo wa mjomba, basi: mrefu, wenye ndoo na mafundi wanaolia. Ukweli wake ulikuwa na maneno matatu. Ikipata moto inakufa. Angesikiliza sauti badala ya kusikiliza desturi, angejua tangu Jumatatu.

Alimwona Iobi naye akisikiliza. Alimwona akifinya macho, uso wa mtu anayejua kwamba kinachotukanwa ndicho kizuri. Iobi akaanza kuinamisha kichwa, taratibu, kama anavyofanya mtu anayeomba. Na bahari yote ya kurudi nyumbani ilikuwa bado mbele yao, na mtoto upande wa pili.

"Iobi," Tiaeki alisema haraka. Hakuzoea kusema mbele ya watu. "Mjomba anakutania. Ni mashine nzuri sana. Haizimiki. Ichukue, ndugu yangu. Sisi tutapata nyingine. Chukua."

Kabuati alibadilika rangi.

Kichwa cha Iobi kilisimama pale kilipofika, kisha kikainuka. Aliwatazama mmoja mmoja, Tiaeki, mjomba aliyeganda, Tamuera aliyekuwa anachunguza mawingu. Akaitazama michirizi ya rangi ya brashi. Akajichekea.

"Asante, dada," alisema. "Mimi si mgeni wa mambo haya. Bakini nayo."

Wakapanda. Kabuati alivuta kamba mara sita kabla haijawaka, na Iobi, ufukweni, alitikisa kichwa kwa kuridhika, kama mtu aliyekwepa mashine mbovu.

Walipovuka mwamba Nei Rotia alimsogelea binti yake, akamtazama kwa lile jicho lake jipya.

"Kumbe na wewe siku hizi unadanganya."

"Sijadanganya, mama," Tiaeki alisema. "Nimemwambia ukweli mtupu."